Umeipita 22.04? Namna ya kuipandisha Ubuntu kutoka 20.04 hadi 24.04

Kompyuta inayofanya kazi vizuri haimkumbushi mtu kuiangalia. Ujumbe wa kwamba toleo jipya lipo unafungwa kila unapochomoza, miaka inakatika, na siku moja programu unayoihitaji inakataa kuingia kwa sababu mfumo wako umezeeka. Unachungulia na kukuta uko Ubuntu 20.04, wenzako wako 24.04, na katikati kuna 22.04 ambayo hukuwahi kuigusa. Kubaki ulipo nako kuna gharama: masasisho ya kawaida ya usalama ya 20.04 yalikoma Mei 2025. Yapo ya ziada kupitia Ubuntu Pro, ambayo mtu binafsi huipata bure kwa kompyuta zisizozidi 5, ila hayo yanakununulia muda tu. Programu zako zitaendelea kuwa zilezile za 2020.

Swali linakuja: unaweza kuruka moja kwa moja kutoka 20.04 hadi 24.04? Jibu ni kwamba huruki. Unapanda hadi 22.04, unasimama, unakagua, ndipo unapanda 24.04. Na amri yenyewe ya kupandisha ni fupi sana. Nimepandisha kompyuta nyingi kwa njia hii, na zilizonisumbua karibu zote zilikuwa na takataka nilizoziweka mwenyewe mwaka mmoja au miwili kabla. Kwa hiyo usishangae sehemu kubwa ya mwongozo huu ikiwa ni ya mambo yanayofanyika kabla ya safari.

Kwa nini ngazi mbili kwa mkupuo haziendi

Namba za Ubuntu ni mwaka na mwezi: 20.04 ni Aprili 2020, 24.04 ni Aprili 2024. Kila mwaka wa shufwa, mwezi Aprili, hutoka toleo la LTS, yaani la kukaa muda mrefu. Kati ya LTS moja na nyingine hutoka matoleo matatu ya muda mfupi, kila baada ya miezi 6, na hayo hutunzwa kwa miezi 9 tu. Aliye kwenye LTS anaruhusiwa kuyapita yote matatu na kutua kwenye LTS inayofuata, kwa sababu wanaoitengeneza Ubuntu wamelijenga daraja hilo na kulijaribu. Daraja la kuvuka LTS mbili halijajengwa.

Ukitaka kujua kwa nini, angalia ndani ya vifurushi vya programu. Kila kifurushi kina skripti ndogo zinazoendeshwa kinapowekwa: moja inahamisha faili la mipangilio kutoka mahali pake pa zamani, nyingine inabadilisha muundo wa data, nyingine inaongeza mtumiaji wa mfumo. Skripti hizo zimeandikwa kwa kutarajia kukuta toleo lililotangulia. Tena kuna vifurushi ambavyo ndani ni vitupu kabisa, kazi yao ni kupokezana kijiti: programu ikibadilishwa jina, kifurushi chenye jina la zamani huachwa kwa muda kikiielekeza apt (chombo cha Ubuntu cha kuweka na kuondoa programu) kwenye jina jipya, kisha huondolewa. Ukilipita toleo ambalo kijiti kilikuwa kinapokezwa, unafika ng'ambo mikono mitupu. Wapo wanaofungua `/etc/apt/sources.list`, wakafuta neno `focal` (jina la 20.04), wakaandika `noble` (jina la 24.04) na kubonyeza. Wengine hufika. Mimi sikushauri.

Jua ulipo kwanza

Fungua terminali, uandike:

`lsb_release -a`
`uname -m`
`df -h / /boot`

Amri ya kwanza inakutajia toleo. Ya pili ikijibu `x86_64`, endelea. Ikijibu `i686`, mfumo wako ni wa biti 32 na safari inaishia hapo, kwa kuwa Ubuntu iliacha kutoa mfumo mzima wa biti 32 baada ya 18.04. Kama prosesa yenyewe ina uwezo wa biti 64, suluhisho ni kuweka mfumo upya kutoka kwenye flashi.

Amri ya tatu inaonyesha nafasi. Kwenye `/` mimi sianzi nikiwa chini ya GB 20 zilizo wazi. Pengine kiasi kidogo zaidi kingetosha, na chombo cha kupandishia chenyewe hupiga hesabu na kukataa kama nafasi haitoshi, lakini diski iliyojaa katikati ya kazi hii ni balaa ambalo huhitaji kulijaribu. Kama `/boot` yako iko kwenye sehemu yake pekee ya diski, hiyo ndiyo ya kuitazama kwa jicho kali. Hapo ndipo keneli (viini vya mfumo) zinapokaa, na keneli kuukuu zikirundikana mpya inakosa pa kuingia.

Walio nyuma zaidi ya 20.04: njia ni ileile, 16.04 kwenda 18.04, kisha 20.04, na kuendelea. Ila mimi nikiona ngazi zimefika tatu naacha kupanda. Nanakili data, naweka mfumo mpya, narudisha data, nalala mapema. Ngazi mbili zinastahili jasho lake, tatu hazistahili.

Aliyekwama kwenye toleo la muda mfupi lililokwisha muda wake, tuseme 23.04, atakuta hata `apt update` inagoma, kwa kuwa maghala ya toleo hilo, yaani seva zinakoshushwa programu zake, yamehamishwa. Yako kwenye `old-releases.ubuntu.com`. Fungua `/etc/apt/sources.list`, weka anwani hiyo mahali pa `archive.ubuntu.com` na `security.ubuntu.com` kila zinapotokea, kisha fuata hatua zilizo hapa chini.

Kwa wasiotumia Ubuntu, neno moja moja. Debian hairuhusu kuruka kabisa: 10 huenda 11, ndipo 12, ndipo 13, na unapoingia 11 mstari wa ghala la usalama hubadilika sura kutoka `buster/updates` kuwa `bullseye-security`, jambo linalowanasa wengi. Fedora ni mpole zaidi, unaweza kuruka toleo moja na kutua la pili. Windows 7 iliweza kwenda 10 bila kupitia 8, lakini haina njia ya moja kwa moja ya kwenda 11 huku programu zako zikibaki, na Windows 11 inadai biti 64 na TPM 2.0 (chipu ya usalama), kwa hiyo kompyuta nyingi za enzi za Windows 7 hazitafika huko kwa njia ya kawaida.

Nakala rudufu, na namna ya kujua kama ni nakala kweli

Anza na vitu viwili vidogo ambavyo watu huvisahau:

`apt-mark showmanual > ~/programu-zangu.txt`
`sudo tar czf ~/etc-20.04.tar.gz /etc`

Faili la kwanza ni orodha ya vifurushi vilivyowekwa kwa makusudi. La pili ni mipangilio yote ya mfumo, na siku printa au seva itakapogoma ndimo utakamochungulia kuona zamani ilikuwaje. Yote mawili yako ndani ya folda yako ya nyumbani, kwa hiyo yatabebwa na hatua inayofuata:

`sudo rsync -aAX --info=progress2 /home/ /mnt/nakala/home/`

Hapo `/mnt/nakala` ni mahali ulipoichomeka diski ya nje. Badilisha ulingane na yako. Mkwaju ule wa mwisho baada ya `/home` usiuache, maana bila huo rsync itatengeneza folda ya home ndani ya home. Amri hii inabeba pia mafaili yaliyofichwa, yale yanayoanza na nukta: `.ssh` yenye funguo zako za kuingilia kompyuta za mbali, `.thunderbird` yenye barua pepe, `.config` yenye karibu kila kitu kingine. Anayenakili kwa kuburuta folda za Nyaraka na Picha pekee huyaacha yote hayo.

Diski ya nje iwe na mfumo wa ext4. Ile ya FAT32 haipokei faili linalofika GB 4, na haijui ruhusa za mafaili, kwa hiyo funguo za `.ssh` zitarudi zikiwa wazi kwa kila mtu na ssh itazikataa.

Kama una hifadhidata, usitegemee nakala ya folda yake huku inafanya kazi. Itoe kwa chombo chake: `pg_dumpall` kwa PostgreSQL, `mysqldump` kwa MySQL.

Sasa ichomoe diski, ichomeke tena, ufungue picha moja ya zamani na hati moja ya juzi moja kwa moja kutoka huko. Zikifunguka, unayo nakala. Kabla ya hapo ulikuwa na matumaini tu. Tengeneza pia flashi ya Ubuntu 24.04 inayowaka, uiweke karibu. Ukiihitaji halafu ukawa huna, utaanza kuzunguka kutafuta kompyuta ya mtu ya kuitengenezea.

Kusafisha

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko kote.

Kwanza, 20.04 yenyewe iwe imekamilika:

`sudo apt update`
`sudo apt full-upgrade`
`sudo apt autoremove --purge`

Zima na uwashe. Kisha uliza kama kuna kifurushi kilichowekwa nusunusu, au kilichofungiwa kisibadilike:

`sudo dpkg --audit`
`apt-mark showhold`

Ya kwanza isipotoa neno lolote, ni heri. Ya pili ikitaja kitu, jiulize ulikifungia kwa nini, kisha kifungulie kwa `sudo apt-mark unhold` ikifuatiwa na jina lake.

Halafu maghala ya nje:

`ls /etc/apt/sources.list.d/`

Kila jina utakaloliona hapo ni ghala uliloliongeza wewe, au liliongezwa na programu uliyoiweka. Chombo cha kupandisha huyazima yote kabla hakijaanza, na wengi husoma hivyo wakadhani tatizo limekwisha. Halijakwisha. Ghala limezimwa, lakini vifurushi vilivyotoka humo bado vimo kwenye diski. Tuseme ulichukua maktaba ya picha kutoka PPA (ghala la nje la mtu binafsi) ili mchezo mmoja uende, na namba yake ni kubwa kuliko ile ya 22.04. Apt itaona kwamba tayari una mpya zaidi, haitaigusa, na programu 40 zinazoitegemea zitakosa zinachokitaka. Hapo utaambiwa kwamba mpango wa kupandisha haukuweza kukokotolewa, na safari inaishia mlangoni.

Dawa ya PPA ni:

`sudo apt install ppa-purge`
`sudo ppa-purge ppa:mwenyewe/ghala`

Amri hiyo inalizima ghala na kuvirudisha vifurushi vyake kwenye namba za Ubuntu. Kwa maghala yasiyo ya PPA, ondoa programu, futa faili la ghala, na uandike pembeni jina lake ili ulirudishe baadaye. Ukimaliza, piga `apt update`, kisha:

`apt list --installed | grep local`

Vinavyojitokeza hapo ni vifurushi ambavyo hakuna ghala linalovijua: mayatima. Vingine ni programu ulizoziweka kwa faili la .deb, havina ubaya. Maktaba, yaani majina yanayoanza na `lib`, zitazame kwa mashaka. Draiva ya NVIDIA uliyoiweka kwa faili la `.run` kutoka kwa mtengenezaji iondoe kabla ya yote, urudi kwenye ile ya Ubuntu.

Na kuna hili la Python, lugha ya programu ambayo mfumo wenyewe huitumia, ambalo nililisababisha kwa mikono yangu. Mwaka fulani nilitaka Python mpya kuliko ile ya mfumo, nikaiweka, nikaona uvivu kuandika namba kila mara, nikakielekeza kiungo cha `/usr/bin/python3` kwenye ile mpya. Kompyuta haikulalamika sana, nikasahau. Siku ya kupandisha toleo naandika amri, inanitupia mistari kama kumi, na wa mwisho unasema:

`ModuleNotFoundError: No module named 'apt_pkg'`

Nikahangaika karibu saa nzima nikiweka na kuondoa vifurushi vya apt, wakati apt haikuwa na kosa. Chombo cha kupandishia kimeandikwa kwa Python, na moduli zake zimejengwa kwa Python ya mfumo tu, ambayo kwenye 20.04 ni 3.8. Kikiitwa kwa nyingine hakizioni. Hebu angalia yako sasa hivi:

`ls -l /usr/bin/python3`

Mshale uelekee `python3.8`. Ukielekea kwingine, urudishe:

`sudo ln -sf python3.8 /usr/bin/python3`

Ngazi ya kwanza: 22.04

Laptopu iwe kwenye chaja, intaneti iwe ya uhakika. Kompyuta ya mezani ya kawaida hushusha GB moja au zaidi kwa kila ngazi, kwa hiyo kama unatumia bando, lipigie hesabu mara mbili. Hakikisha kwamba ndani ya `/etc/update-manager/release-upgrades` mstari wa mwisho unasomeka `Prompt=lts`, kisha:

`sudo do-release-upgrade`

Kama uko kwenye seva kwa SSH, chombo kitakuambia kwamba kinafungua SSH ya akiba kwenye porti 1022, ili ile ya kawaida ikikatika uwe na pa kuingilia. Ukuta wako wa moto haujui habari hiyo. Uifungue mwenyewe kwa `sudo ufw allow 1022/tcp`, na uifunge ukimaliza.

Baada ya kukokotoa, kitakuletea muhtasari: vifurushi vingapi vitaondolewa, vingapi vitaongezwa, vingapi vitapandishwa, MB ngapi za kushusha. Usibonyeze `y` hapo hapo. Bonyeza `d`, usome orodha ya vitakavyoondolewa. Ukikuta `ubuntu-desktop` au programu unayoitumia kila siku, kataa, rudi kwenye kusafisha. Mpaka hapo hakuna kilichoharibika. Ukishakubali, hakuna kurudi nyuma isipokuwa kwa nakala.

Katikati ya kazi utaulizwa kuhusu mafaili ya mipangilio uliyowahi kuyabadilisha: ubaki na lako au uchukue jipya. Swali huja kwa sura mbili, mara kwa herufi za Y, N, D na Z, mara kwa kisanduku chenye orodha. Kwa vyovyote, kwanza omba tofauti. Kwa `/etc/ssh/sshd_config` utaona kitu kama hiki:

`-PasswordAuthentication no`
`+#PasswordAuthentication yes`

Mstari wenye alama ya kutoa ni wako, wenye kujumlisha ni wa toleo jipya. Maana yake, uliwahi kuzuia watu wasiingie kwa nenosiri, na ukichukua faili jipya mlango huo unafunguka tena bila wewe kujua. Baki na lako. Baadaye, hamishia mistari yako kwenye faili dogo ndani ya `/etc/ssh/sshd_config.d/`, na swali hilo halitakurudia. Kwa faili usilolikumbuka kabisa, chukua jipya; la zamani halipotei, huachwa pembeni likiwa na mkia wa `.dpkg-old` au `.ucf-old`.

Mwishoni utaulizwa kama vifurushi vilivyopitwa na wakati viondolewe. Kama una PostgreSQL, jibu hapana. Sababu iko hapa chini.

Kituo cha katikati

Kishawishi cha kuendelea usiku huohuo ni kikubwa, maana umeshapata moto. Kataa. Ukipanda ngazi mbili mfululizo halafu sauti ikapotea, hutajua ilipotelea wapi. Mimi huishi na 22.04 kwa siku mbili au tatu nikifanya kazi zangu za kawaida.

Washa upya, uangalie:

`lsb_release -a`
`systemctl --failed`

Ya pili ikionyesha huduma iliyoanguka, shughulikia hiyo kabla ya kitu kingine. Kisha yapo mabadiliko ya 22.04 ambayo watu hudhani ni uharibifu. Firefox sasa inakuja kama snap (kifurushi kinachobeba kila kitu chake ndani), na data zake zimehamia `~/snap/firefox/common/.mozilla`. Alamisho zako zikionekana kutoweka, zitafute huko na kule zilikokuwa. Kompyuta nyingi huingia kwa Wayland badala ya Xorg (mifumo miwili ya kuchora skrini), na programu ya zamani ya kushiriki skrini inaweza kuonyesha weusi mtupu; unapoingia, bonyeza alama ya gia uchague Ubuntu ya Xorg. OpenSSH mpya imeacha kukubali sahihi za `ssh-rsa` zinazotumia SHA-1, kwa hiyo ruta au seva ya zamani inaweza kukataa kuongea nawe. Na programu zilizojengwa kwa OpenSSL 1.1 (maktaba ya usimbaji fiche) hazitawaka, kwa kuwa 22.04 imeingia OpenSSL 3.0. Tafuta toleo jipya la programu hiyo. Usiokote `libssl1.1` mitaani na kuipachika. Ndiyo namna ya kumtengeneza yatima wa ngazi ijayo.

Sasa PostgreSQL. 20.04 ina namba 12, 22.04 ina 14, 24.04 ina 16. Kupandisha mfumo kunakuletea programu ya 14, lakini data zako zinabaki kwenye klasta (mkusanyiko wa hifadhidata) ya 12. Andika:

`pg_lsclusters`

Ukiona 12 na 14 zimekaa pamoja, ile ya 14 ni tupu, imeundwa tu kifurushi kilipoingia. Jiridhishe kweli ni tupu, kisha iondoe na uhamishe ya 12:

`sudo pg_dropcluster --stop 14 main`
`sudo pg_upgradecluster 12 main`

Jaribu programu zako. Zikiwa sawa, `sudo pg_dropcluster 12 main`. Fanya hivi hapa hapa katikati, usingoje kufika 24.04, maana ile programu ya 12 inayohitajika kuzisoma data za zamani inazidi kuwa mgeni kila unapopanda.

Wenye tovuti za PHP wana lao: 7.4 imekuwa 8.1, na Apache huenda bado inatafuta moduli ya zamani. `sudo a2dismod php7.4`, kisha `sudo a2enmod php8.1`, kisha uiwashe upya. Kama msimbo wa tovuti yenyewe haukubali 8, hilo ulipaswa kulijua kabla ya kuondoka 20.04, kwa kuijaribu mahali pengine.

Ngazi ya pili: 24.04

Rudia rsync ile ile; safari hii itakwenda haraka kwa sababu inabeba yaliyobadilika tu. Rudia kusafisha. Kiungo cha python3 sasa kielekee `python3.10`. Kisha `sudo do-release-upgrade` tena. Maswali ni yaleyale, nawe sasa una uzoefu.

Utakayoyakuta ng'ambo: Thunderbird nayo imehamia snap. Ukijaribu `pip install` bila mazingira pepe (folda ya Python iliyotengwa na mfumo) utaambiwa `externally-managed-environment`. Si hitilafu, ni zuio la makusudi ili pip isivuruge Python ya mfumo. Tengeneza mazingira kwa `python3 -m venv`. Mazingira pepe ya zamani hayatafanya kazi, kwa kuwa Python imetoka 3.8 hadi 3.12. Yafute, uyaunde upya. Programu za AppImage zisipowaka, huenda zinataka `libfuse2`, ambayo hapa jina lake ni `libfuse2t64`. Mkia huo wa t64 utauona kwenye vifurushi vingi: ni kazi ya kuhesabu wakati kwa biti 64, ili mifumo ya biti 32 isije ikapotea mwaka 2038.

Ikikwama katikati

Umeme umekatika, au skrini imeganda. Subiri kwanza; baadhi ya vifurushi huchukua dakika kadhaa bila kusema kitu. Ikiwa kweli imeganda, bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia, uandike kwa mpangilio huu:

`sudo dpkg --configure -a`
`sudo apt -f install`
`sudo apt full-upgrade`

Mara nyingi hizo tatu zinatosha, kwa sababu dpkg huandika kila hatua na inajua ilipoishia. Kama haiwaki kabisa, shikilia Shift (au gonga Esc kwenye kompyuta za UEFI) wakati inawaka ili orodha ya GRUB, programu inayouwasha mfumo, itokee, chagua keneli ya zamani, au hali ya uokoaji. Ndani ya uokoaji diski huwa ya kusoma tu, kwa hiyo anza na `mount -o remount,rw /` ndipo urudie amri tatu za juu. Yaliyotokea yote yameandikwa ndani ya `/var/log/dist-upgrade/`. Faili la `main.log` linaeleza mpango, na `apt-term.log` lina maneno yenyewe ya kifurushi kilichoanguka. Anza kusoma kutoka chini.

Zikipita saa mbili hujapata mwanga, chukua ile flashi. Nakala unayo, orodha ya programu unayo.

Ukishafika

Yatafute mafaili ya mipangilio yaliyoachwa njiani:

`sudo find /etc -name '*.dpkg-*' -o -name '*.ucf-*'`

Yenye mkia wa `-dist` ni mapya ambayo uliyakataa, ya `-old` ni yako uliyoyaacha. Yalinganishe bila haraka, siku yoyote ya wiki hiyo.

Maghala ya nje yarudishe moja moja, ukiangalia kwanza kama mwenyewe ametengeneza vifurushi vya `noble`. Kama bado anavyo vya `focal` tu, usiliwashe ghala lake. Kila unaporudisha moja, piga `apt update`, uone kama inalalamika, ndipo uguse linalofuata. Ukitafuta maghala ya Ubuntu yenyewe usishangae `sources.list` ikiwa karibu tupu: 24.04 huyaandika ndani ya `/etc/apt/sources.list.d/ubuntu.sources`, kwa mpangilio mpya wa mistari.

Diski ya nje yenye nakala zako iache kama ilivyo kwa mwezi mmoja. Kuna faili moja utakalolihitaji wiki ya tatu, na hutakuwa umelifikiria leo.